Mwalimu ameomba nimsomee tena

Leo mwalimu wangu wa darasa la nne amelia, na aliyemliza ni mimi.

Tuna kundi la simu, sisi tuliosoma kwake Meatu enzi za vijiji vya ujamaa. Mimi niliondoka huko zamani, naishi Songea.

Asubuhi mwalimu ametuma sauti, akitusalimia kwa Kisukuma: "Mwangaluka, wanangu! Mnakumbuka nilivyowasomesha hadithi za makabila yote, kila mtoto ajione kitabuni? Yuko wapi mwizi wetu wa ng'ombe?"

"Mwizi, itika!" wakaandika wenzangu. Vicheko tele.

Mwizi ni mimi. Nilikuwa Mtaturu peke yangu darasani. Wasukuma walipata hadithi ya shujaa. Mimi nilipewa ya Mtaturu mwizi, anayepigwa mpaka anaomba maji. Nilisoma nimesimama, darasa likirudia kila sentensi. Mapumziko wakanipiga, eti wanamalizia hadithi.

"Tusomee tena," akasema Mwalimu Masanja. "Ulisoma vizuri sana."

Ninayo yote kichwani hadi leo.

Nikairekodi polepole. Ila kila penye "Mtaturu" nikasema "Masanja". Masanja akaiba. Masanja akapigwa. Masanja akaomba maji, hakupewa.

Mwisho nikasema kama yeye zamani: "Haya, rudieni wote."

Nikaituma kundini.

Kisha akaandika binti wa mwalimu, anayemshikia simu: "Baba analia. Umefurahi, mzee?"

Nikamjibu: "Ndiyo."

Wenzangu wanataka nimwombe radhi, wanasema zamani ulikuwa utani tu.

Basi na wangu ni utani. Au nyie mnasemaje?