Gunia la Mlimani la Nyanjige

Nyanjige Sayi wa Kasoli, wilayani Bariadi, huchimba mizizi upande mmoja tu wa mti, kisha hufukia shimo. Kwa miaka thelathini amewapa wenye maumivu ya tumbo mzizi mmoja mwekundu. Anayetoka damu humpeleka hospitali. Hajawahi kudai kwamba anatibu saratani.

Mwaka 1996 Domitila, mtafiti wa chuo kimoja cha Dar es Salaam, alimwomba magunia mawili ya mzizi huo. Alitaka kujaribu dondoo yake, yaani maji yaliyokamuliwa humo, kwenye seli za saratani ya utumbo mpana zilizooteshwa maabara. Nyanjige alijaza gunia la kwanza mlimani. La pili alimwachia shemeji yake, Kristofa.

Baada ya miezi minne Domitila alirudi akitabasamu tangu getini. Walikuwa wameanza na gunia la pili, nalo liliua seli zote kwa siku mbili. Habari ilifika mnadani kabla ya chai kupoa. Kristofa akaanza kuulizia fundi wa kuchora bango la dawa ya saratani.

Nyanjige hakucheka. Aliuliza kama walijaribu pia seli zisizo na ugonjwa. Domitila akakiri kwamba nazo zilikufa.

"Shemeji, ulichimba wapi?"

Kristofa alitazama viatu vyake. Mlima ni mbali, alijitetea, na miti hiyo ipo pia pembeni mwa pamba yake. Tangu biashara ya pamba iachwe huru sumu ya wadudu ilipatikana kila duka, na msimu ule alikuwa amepulizia mara saba.

"Pale hata panzi haponi," Nyanjige alimwambia Domitila. "Usinipe sifa za bomba la Kristofa. Kapime gunia langu."

"Mayu, huenda lisioneshe kitu," Domitila alisema, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Basi nitajua."

Julai Domitila alileta karatasi moja, na sura ya kuomba radhi. Dondoo ya mlimani ilipunguza kasi ya seli za saratani kwa theluthi tu. Zile nzima, karibu zote zilibaki hai. Hayo ni ya maabara, alisisitiza. Kwa binadamu bado ni safari ndefu.

Nyanjige alimtaka arudie habari ya zilizobaki hai. Aliporudia, mama huyo alipiga vigelegele mpaka majirani wakaacha kuanika mpunga.

Maabara ilihitaji gunia la tatu. Alimkabidhi Kristofa jembe, akatangulia kupanda mlima, akiimba njia nzima.