Kifuniko cha Oili

Gereji wananiita Macho. Jina hilo nilijitafutia mwenyewe, na kwa miaka kumi na tisa nimetembea nalo kifua mbele. Mafundi wengine huanza na maswali: gari limeanza lini kusumbua, nani aliligusa mwisho. Mimi nilikuwa nafungua boneti, natazama, nasema. Mteja akianza kunisimulia, namwinulia kiganja chenye grisi anyamaze. Nilikuwa nawauliza wenzangu kama daktari wa mifugo humhoji ng'ombe, nao wanacheka, nami kichwa kinazidi kuvimba. Mke wangu anasema hata nyumbani ndivyo nilivyo, nalalamikia chumvi kabla sijaonja.

Mama Nesi alikuja asubuhi moja ya baridi. Ni muuguzi mstaafu wa mtaa wa pili, ana nyonga mbovu, na kigari chake cheupe anakitunza kuliko wengine wanavyotunza vyombo vya wageni. Nilimwamkia, nikafungua kifuniko cha oili juu ya injini, nikakigeuza. Chini yake kulikuwa na utelezi mzito, rangi ya chai ya maziwa.

Kila fundi anaijua rangi hiyo na hakuna anayeipenda. Maji ya rejeta na oili vina njia zao ndani ya injini, na havitakiwi kukutana. Gasketi iliyo kati yao ikiungua, vinachanganyika, na injini inajisaga yenyewe mpaka ife.

"Gari hii huwa naenda nayo..." Mama Nesi alianza.

Nikainua kiganja. Nikamwambia maji yameingia kwenye oili, injini lazima ifunguliwe yote, na asiiwashe tena hata kwa dakika moja. Sikuchomoa kijiti cha kupimia oili. Sikufungua rejeta. Nilitazama kifuniko tu, kwa sababu kulikuwa na watu wanne wananitazama na mimi ndiye Macho. Mama Nesi akasema hana pesa ya kazi hiyo kwa sasa, atajipanga. Tukamsukumia gari hadi kwake, akanishukuru mara mbili, nikarudi gereji napiga mluzi.

Miezi minne ikapita. Nilikuwa nikimwona akichechemea njiani na mkoba wake, nampungia mkono. Naandika haya na uso unaniwaka.

Kisha baridi ikarudi kwa siku chache; nilikuwa na wiki ya kukimbilia duka la vipuri na pikapu yangu: natoka gereji, nafika, narudi, injini haijapata hata joto. Ijumaa nikafungua kifuniko cha oili niongeze kidogo, nikakuta utelezi uleule. Nikachomoa kijiti: oili ilikuwa nyeusi kama kawaida, haina dalili ya maji. Rejeta ilikuwa imejaa, haikupungua hata tone, wala ndani hakukuwa na mafuta yanayoelea. Nikaipeleka pikapu barabara kuu, nikaiendesha saa nzima, nikarudi na kutazama tena. Utelezi ulikuwa umekauka. Ulikuwa mvuke tu, ule unaoganda chini ya kifuniko baridi gari likienda safari fupifupi na injini isipate moto wa kuukausha.

Nilikaa kwenye ubao wa pikapu, boneti wazi. Kigari cha Mama Nesi hakikuwa na ugonjwa wowote.

Nilitaka kunyamaza, sifichi. Siku mbili nilijiambia kwamba huenda gasketi yake iliungua kweli. Mke wangu aliona sili, akanibana mpaka nikasema. Hakunicheka safari hii. Akasema niende kabla jua halijazama, na nisijifanye nimepita tu.

Mama Nesi alinikaribisha kiti barazani. Nikabaki nimesimama. Nikaomba ufunguo, nikaenda kwenye gari lake lililojaa vumbi pembeni ya nyumba, nikachomoa kijiti ambacho ningekichomoa miezi minne iliyopita. Oili ilikuwa safi. Nikafungua kifuniko cha oili, nikakiweka juu ya betri, nikamfungulia na rejeta, nikamwonyesha, nikamweleza yote bila kujitetea.

"Mama, siku ile ulitaka kuniambia gari unaenda nalo wapi," nikasema. "Nilikukatiza. Naomba uniambie sasa."

Alitazama kijiti mkononi mwangu.

"Kwa dada yangu," akasema. "Hapo nyuma ya soko, dakika tano kwa gari. Alikuwa hainuki kitandani. Nilikuwa naenda asubuhi kumwogesha, na jioni kumlaza."

Nilishasikia gereji kwamba dada yake amefariki. Nilikuwa nimeona watu wamekusanyika pale, nikapita na pikapu yangu, sikuuliza.

"Kwa miguu, nyonga hii ilinipa mara moja tu kwa siku," akaendelea, sauti ileile ya kawaida. "Nikabakiza asubuhi. Yeye akaondoka jioni, peke yake. Sisi wauguzi, mgonjwa tulikuwa tunamuuliza kwanza, mwanangu. Hata yule tunayedhani tumemjua."

Nikasema nisamehe mama. Akanyoosha mkono kuchukua ufunguo wake. Kifuniko cha oili kilikuwa bado juu ya betri, na chini yake utelezi wa zamani umekauka. Nikakifuta kwa kitambaa changu, nikakirudisha mahali pake, nikakikaza.