Molari ya Mwalimu Ndunge

Mwanangu, nilipofika miaka ishirini na minane hakukuwa na jambo duniani la kunishangaza. Niliingia Pumwani na suruali moja na darasa la nne kichwani, nikajijengea kibanda cha kuchaji betri, madereva wakapanga foleni. Lakini asubuhi moja naikumbuka kama jana, na hasira yake haijapoa.

Asidi niliipima kwa sakafu. Tone moja juu ya saruji: likichemka mpaka nihesabu tatu, inafaa. Lisipochemka, hafifu. Hayo sikufundishwa na cheti.

Asubuhi hiyo nilikuwa na mtungi mpya, asidi nzito kama mafuta ya kupikia. Mwalimu Ndunge, aliyefundisha kemia shule ya jirani, alikuja kuchukua betri yake akasoma kibandiko cha mtungi huo.

"Fundi, hii ni molari kumi na nane. Betri hutaka kama tano hivi."

Nikamjibu mtungi ni wa lita ishirini, molari zake akaziuze sokoni Gikomba. Mutua, dereva wa lori la mboga, aliyeleta betri mpya kavu niijaze, akacheka mpaka akashika mbavu. Mwalimu akaeleza kwamba moli ni hesabu, kama dazani, ila ni ya chembe zisizoonekana; molari ni moli ngapi zimo ndani ya lita moja.

"Nani amezihesabu?" nikauliza.

"Fundi, chai ya kijiko kimoja cha majani na chai ya vijiko kumi zote hujaza kikombe. Utasema ni chai moja?"

Dharau hiyo! Mimi nifundishwe chai mbele ya wateja wangu! Nikadondosha tone sakafuni. Halikuchemka sana. Nikawaambia mnaona, hafifu hii, hata kuongezwa maji haihitaji. Nikaijaza betri ya Mutua vivyo hivyo.

Sasa, tajiri wake alikuwa amemwonya: lori likizima tena njiani, kazi imekwisha. Lilizima karibu na Athi River, nyanya zikapikwa na jua. Mutua akarudi na betri imevimba. Hakunitukana. Alisema tu, "Fundi, nilicheka upande wako."

Neno hilo lilinichoma kuliko asidi. Nilikwenda kwa tajiri wake kwa miguu yangu, nikasema kosa ni langu, nikalipa, Mutua akabaki na usukani wake. Kisha nikabisha hodi kwa Mwalimu. Akanionyesha kwamba asidi isiyo na maji huificha nguvu yake juu ya saruji. Miaka yote nilikuwa nauliza sakafu!

Ndege mjanja hunaswa na tundu bovu, mwanangu. Jitengeneze kwa mikono yako, sawa, lakini usilichekee neno usilolijua, hasa likiwa na riziki ya mwenzio ndani yake. Mungu akupe mikono yenye kazi na masikio mapana kuliko kifua.

Masikio yangu yalifunguka kwa shilingi elfu moja mia nne na themanini, betri na nyanya, na senti hamsini za penseli aliyoniamuru Mwalimu nikanunue.