Siku Mama Alipoitikia "Amina" kwa Kifo Chake

Mama yangu alisikia habari za kifo chake mwenyewe kanisani, akiwa amekaa kiti cha nyuma kabisa, mkoba mapajani, kandambili miguuni.

Na watu walipoitikia "Amina," naye akaitikia.

Aliyetangaza kifo hicho ni kaka yangu. Mtoto wake wa kuzaa. Kifungua mimba.

Ngoja nianze mbali kidogo, maana hata mimi nikiisimulia hii huwa naona kama naongopa.

Tulizaliwa wawili. Baba alifariki mapema, mama akabaki na beseni, sabuni na pasi. Alikuwa dobi. Kaka alikuwa na kipaji cha maneno tangu utotoni. Alikuwa akiyahubiria mashati ya watu kwenye kamba, na upepo ukiyapuliza anapaza sauti, "Mmeona? Roho ameshuka!" Mama anacheka mpaka anakaa chini.

Alipokua akaanzisha kanisa kweli. Ukumbi wa kukodi, viti vya plastiki, spika moja inayokoroma. Siku zile alikuwa mchungaji hasa. Ukiugua, yuko kitandani kwako. Ukifiwa, anashika koleo na vijana wanaochimba.

Sijui ilianzia wapi. Labda suti ya kwanza. Mara gari jeusi la vioo vya giza, mara pete, mara walinzi. Akaacha kuitwa mchungaji, akawa Baba Mtume. Mahubiri nayo yakageuka.

"Umaskini ni laana! Mtoto wa Mfalme hatembei kwa miguu! Ukitaka kuvuna, panda mbegu!"

Na watu walipanda. Jirani yetu, mjane kama mama, aliuza cherehani yake, akaipanda. Mpaka leo haijaota.

Siku moja kaka akaja nyumbani, dereva wake nyuma. Akaweka funguo mezani.

"Nyumba yako, mama. Pumzika sasa."

Mama alikuwa anapiga pasi. Hakuinua macho.

"Imejengwa kwa nini?"

"Kwa baraka za Bwana."

"Za Bwana, au za cherehani ya jirani yangu?"

Kaka akacheka kile kicheko cha meno tu. "Mama, mambo ya madhabahu usiyaguse."

"Siyagusi. Ndiyo maana na hizo funguo sizigusi." Akaisimamisha pasi. "Mwanangu, huyo Yesu unayemhubiri alizaliwa zizini, akazikwa kaburi la kuazima. Wewe haya makuu umeyarithi kwa nani? Mrudishie mama wa watu cherehani yake. Siku hiyo nitakuja kwako, hata nilale jikoni."

Kaka akachukua funguo zake. Akatoka bila kuaga.

Hakurudi tena.

Ukapita mwaka na ushei. Jumapili moja mama akaniambia, "Nitafutie kitambaa kizuri cha kichwa. Nataka kumsikia mwanangu."

Tukakaa nyuma. Zulia jekundu, taa kama za harusi, na kiti chake pale mbele kina mgongo mrefu kuliko mlango wa nyumba yetu. Kaka akasimama kutoa ushuhuda.

"Mama yangu alikufa nikiwa mdogo!" Sauti ikamkatika. "Alikufa akifua nguo za watu! Umaskini ulimuua mama yangu! Nikamwambia Mungu, mimi sitakufa hivyo. Na leo mnaniona!"

Kanisa zima likalia. Dada mmoja kando yetu alilia mpaka mama akampa leso yake.

"Semeni Amina!"

"Amina," akasema mama.

Mimi nilishanyanyuka. Mama akanidaka mkono, kwa ule mkono wake wa kukamua mablanketi.

"Mama, anakuzika ukiwa hai!"

"Mtoto akikunyea mkono huukati. Unauosha. Kaa chini."

Kurudi alitaka tutembee. Tulipofika akaitazama pasi pale mezani, akasema, "Kumbe nimekufa. Basi leo sipigi pasi."

Nilicheka. Kisha nikajifungia chooni nikalia.

Nikampigia kaka. Wala hakukana.

"Nikisema yu hai, watauliza mbona anaishi vile. Nikisema alikataa nyumba, watauliza kwa nini. Sasa mdogo wangu, ungekuwa wewe ungewajibu nini?"

Jibu lilikuwa moja tu, na yeye alilijua.

Baada ya hapo namba yake ikawa haipatikani.

Mama akaanza kuumwa. Daktari akasema moyo umechoka. Miguu ikavimba, akawa analala ameketi, mito mgongoni, na akisinzia anamwita kaka kwa lile jina la utotoni, anamwambia atoke juani.

Nikaenda kanisani kwa kaka. Mlinzi wa getini alinisikiliza kwa adabu zote, mpaka niliposema, "Mama yake anaumwa."

"Dada, mama yake Baba Mtume alishatangulia mbele za haki. Kila mtu anajua. Na wiki hii si wewe wa kwanza kuja na mama mgonjwa. Acheni utapeli."

Nikarudi tena. Safari hiyo nilitolewa kwa kushikwa bega.

Mama alifariki mchana, dirisha likiwa wazi, nikimpangusa uso. Hakuwa ameniuliza kama kaka anakuja. Nadhani alinionea huruma.

Siku hiyohiyo nikamvizia yule dereva nje ya geti. Alinikumbuka.

"Mwambie mama amefariki," nikasema. "Mwambie safari hii ni kweli."

Kaka alifika makaburini jeneza likiwa bado halijashushwa. Peke yake, bila walinzi. Kiongozi wa kikundi cha maombi cha mama cha mtaa wa pili, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, alikuwa akisoma wasifu wa marehemu.

"Alijaliwa watoto wawili. Binti tunaye hapa. Wa kiume, kifungua mimba, alimtangulia."

Nilishtuka. Mimi sikuwa nahudhuria kikundi chao. Sikujua mama alikuwa akiwaambia hivyo.

Kaka akapenya katikati ya watu. "Mimi ndiye. Mimi ndiye mwanawe."

Kiongozi akavua miwani. "Baba Mtume, wewe tunakujua. Mama yako alikufa ukiwa mdogo, ushuhuda wako tumeusikia. Na mtoto wa huyu naye alikufa. Alituambia kwa kinywa chake."

Kaka akanigeukia. "Mdogo wangu. Waambie."

Wote wakanitazama. Naapa moyo wangu ulitaka kunyamaza. Ulitaka naye aonje kukanwa. Lakini nikaviona vidole vyake, na vidole vile vilikuwa vya mama vitupu.

"Ni kaka yangu," nikasema. "Ni mwanawe."

Yule kiongozi akamtazama kaka. Akasema polepole, kama mtu anayeelewa jambo huku akilisema:

"Kila Ijumaa alituomba tumwombee mwanawe aliyekufa. Tukianza kuomba apumzike kwa amani, anatukatiza. Anasema, 'Hapana. Ombeni afufuke.' Sisi tulidhani ni uzee."

Kaka akakaa chini. Palepale kwenye udongo, na suti yake. Akalia kilio kisicho na neno hata moja, yeye mtu wa maneno.

Najua mnachotaka kusikia. Kwamba aliuza gari, akawaomba watu radhi. Hata mimi nilikitaka, ndiyo maana Jumapili iliyofuata nilikwenda.

Alisimama madhabahuni, akashika kipaza sauti.

"Mama yangu amekufa," akasema.

"Amina!" wakaitikia. Walidhani ushuhuda wao ule wanaoupenda ndio unaanza.

"Hapana. Nisikilizeni. Amekufa juzi."

"Endelea, Baba! Hubiri!"

Kinanda kikapigwa. Watu wakasimama, mikono juu. Kaka akawatazama, akatazama kile kiti chake kirefu, akafuta jasho.

Na akaendelea: "Alikufa nikiwa mdogo!"

Siku hizi kila Ijumaa naenda kwa wale akina mama. Ombi la mama hatujaliacha.

Ndugu yangu unayesoma, mimi sina ugomvi na mtu mwenye gari zuri. Matajiri nao ni wa Mungu. Lakini mali ikikutaka umkane aliyekubeba tumboni ndipo ikae kwako, ujue hapo si wewe unayeimiliki, na hakuna andiko la kuibariki, hata ulisome kwa kipaza sauti.

Kama mama yako yu hai, mtaje mbele za watu. Na kandambili zake.