Kanzu za Idi na Sindano za Iringa

Mkono wangu wa kulia ulianza kuniasi mwezi wa Shaabani, wakati ambao fundi cherehani hana ruhusa ya kuumwa. Nilikuwa na cherehani yangu kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja hapa Mbeya, na wateja walikuwa wamenijazia vitambaa vya kanzu za Idi. Nikishika mkasi, maumivu yanapanda kutoka kwenye kifundo cha mkono hadi begani. Nikilala, vidole vinakufa ganzi, naamka naukung'uta mkono kama mtu aliyeshika kaa la moto. Daktari alinitazama, akaniambia niupumzishe. Niupumzishe! Ramadhani imeingia, na kanzu hata nusu sijafikisha. Ndipo dereva mmoja wa lori akaniambia habari za Mzee Shomari wa Iringa, mtu wa pwani aliyewahi kuwa mpishi wa meli. Huko alikosafiri alijifunza kwa Wachina kutibu mikono kwa kuichoma sindano.

"Nenda, baba Hawa," mke wangu alisema. "Mkono huo ukifa, sisi tutakula nini?"

Hofu hiyo ndiyo iliyonipandisha basi.

Tuliondoka Mbeya baada ya daku, ukungu umefunika mlima na mwili wote unatetemeka kwa baridi. Macho yangu yalikuwa barabarani, lakini akili ilibaki barazani: kola hii, mkono ule, kanzu ya nani itangulie. Chimala basi lilisimama ili dereva atie maji kwenye rejeta. Nikashuka, nikapanda, nikashuka tena, nikalizunguka basi.

"Bwana, kaa chini," dereva alinikaripia. "Gari haliendi kwa kutembea kwako."

Makambako upepo ulituchapa na vumbi jekundu. Mama mmoja aliyekuwa anarudi kwake Mafinga, aliyeketi jirani yangu, alifungua kikapu chake na kunipa viazi vya kuchemsha. Nilimwambia nimefunga, na kwamba nakwenda kutibiwa mkono.

"Mkono mbovu, njaa, na safari ndefu hivi!" alisema. "Baba, utafika mzima kweli?"

Alishuka Mafinga, penye harufu ya mbao mbichi, akaniombea kwa Mungu kwa Kihehe. Sikuelewa maneno yote, ila yalinituliza kidogo. Iringa tulifika jua limezama, nikalala kwa mtu wa kwetu aliyekuwa akiuza vitenge sokoni.

Asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Mzee Shomari kabla hajafungua dirisha. Alikuwa mfupi, mnene, ana sauti ya kupigia kelele wapishi wadogo. Aliubonyeza mkono wangu hapa na pale, nikaruka.

"Umekula?" aliuliza.

"Nimefunga, mzee."

"Wewe msafiri, una ruhusa ya kula. Mimi simchomi mtu mwenye tumbo tupu, ataniangukia hapa. Kama hutaki kula, rudi baada ya futari."

Nilibishana naye mpaka akanifungia mlango. Kula sikutaka, ukaidi tu, na siku ile ilikuwa ndefu kuliko barabara yote niliyopita. Nilizunguka soko, nikapanda kilimani, nikashuka. Nikasimama mbele ya mafundi wa Iringa nikiwatazama wanavyokunja pindo, mpaka mmoja akaniuliza kama nimekuja kununua au kupeleleza.

Baada ya futari, iliyokuwa uji wa pilipili manga na muhogo wa nazi aliopika mwenyewe, mzee alizitoa sindano kwenye maji yanayochemka. Zilikuwa nyembamba kuliko zote nilizowahi kushonea. Alinichoma karibu na kifundo, katikati ya mkono, na chini ya kiwiko.

"Utasikia uzito," alisema. "Usitikisike."

Kweli, uzito ulikuja, kisha joto likateremka hadi vidoleni. Nilitaka kucheka kwa raha. Hapo nikauona uzi unaning'inia kwenye mkono wa kanzu yake, pindo limeanza kufumuka. Kabla sijafikiri nikaunyosha mkono ule ule wenye sindano ili niukate. Sindano ya kifundoni ikapinda! Nilipiga yowe hadi majirani wakaja.

"Loo!" mzee alisema akizichomoa. "Nimewachoma mabaharia walevi, hawakunifanyia hivi. Mkono wako haujui kukaa, ndiyo maana unauma."

Aliendelea kunitibu kwa siku kadhaa, mkono wote akiufunga kwenye ubao nisiutikise. Ganzi ilipungua. Nikafurahi, nikaaga.

"Mpaka Idi ipite usishike mkasi," alisema.

"Na kanzu za watu, mzee?"

"Kwani Mbeya nzima fundi ni wewe?"

Njia yote ya kurudi swali hilo lilinikera. Fundi mwingine alikuwepo, tena baraza ya mkabala na yangu: Saidi, ambaye sikuwa nimesemeshana naye tangu anichukulie mteja. Tulipopita Igawa nilikuwa nimekataa kumwendea. Tulipoingia Mbeya nilikuwa nimechoka kukataa. Nikavibeba vitambaa vyote begani, nikavuka barabara.

"Umeleta ugomvi au umeleta kazi?" Saidi aliuliza.

"Nimeleta kazi. Mkono wangu haufai."

Alivipokea, akaanza kuvihesabu.

Sijui hata leo kama kilichonisaidia ni sindano au ni ule ubao ulioninyima kushona. Nilichojifunza ni kwamba nilikwenda Iringa kutafuta mkono wa kufanyia kazi zaidi, na nilichokuwa nahitaji ni mtu wa kunisaidia kazi yenyewe.

Asubuhi ya Idi, uwanjani, safu nzima mbele yangu ilivaa kanzu zilizoshonwa na Saidi. Nilizitafuta kasoro bila haya. Sikuziona, na wivu ukanichoma. Swala ilipokwisha watu wakaanza kupeana mikono. Saidi akanijia, macho mekundu kwa kukesha, akaukamata mkono wangu wa kulia, akauminya kwa nguvu kama wanavyominya mafundi. Nikasubiri maumivu. Hayakuja. Nikamshika kwa mikono yote miwili, nikataka kumwambia Idi mubarak, nikashindwa kwa kilio.