Ng'ombe wa Mzee Longino na Mtaliano Mwekundu

Mwanamke nisiyemjua alinimwagia ndoo ya maji mbele ya soko la Muyinga, saa nne asubuhi, watu wamejaa.

Hakuwa na ugomvi na mimi. Alidhani naungua.

Kusema kweli, hata mimi nilikuwa nimeanza kudhani hivyo.

Ngoja niwape kisa chote, na mkicheka chekeni kwa nafasi, kwa sababu humu ndani mjinga ni mmoja tu na ndiye anayeandika.

Naitwa Adriano. Nafundisha Kiswahili sekondari, naishi Magarama, hapa Gitega. Nilizaliwa Ulyankulu, Tanzania, kwa wazazi Warundi waliokimbia vita. Nilirudi nikiwa mtu mzima, ndevu zimeshaota, na mila nyingi za nyumbani nilizisikia kwa mara ya kwanza nikiwa tayari nimezivunja.

Mojawapo ni hii. Ukishatoa mahari, mkaishi vizuri, mkazaa, baba wa mke naye huwaletea ng'ombe. Kwa Kirundi anaitwa indongoranyo. Si ng'ombe wa biashara huyo. Ni heshima ya binti, ni baba anasema mbele za watu kwamba mwanangu yuko kwenye nyumba nzuri.

Mimi nilidhani ni ng'ombe tu.

Mzee Longino wa Mwakiro, kule Muyinga, baba wa mke wangu Gaudensia, alituletea jike jekundu lenye baka jeupe usoni. Nikampeleka kwa mfugaji mmoja nje ya mji. Hata mwaka haujaisha, mhandisi mmoja wa Ulaya akamaliza mkataba wake na akawa anauza pikipiki.

Ya Kitaliano. Nyekundu. Ya mashindano, ya miaka ya tisini, ina taa mbili za mbele na tangi limechongwa mpaka unatamani kulipapasa. Nililipapasa. Hapo ndipo nilipokwisha.

Nikauza ng'ombe, nikaongezea na akiba yangu yote, nikarudi nyumbani na Mtaliano.

Gaudensia alitoka mlangoni, akaitazama, akauliza ng'ombe yuko wapi. Nikamwambia.

"Kwa hiyo umeuza zawadi ya baba ukanunua kelele."

Na kelele zilikuwepo. Klachi ya pikipiki ile ni kavu, haiogi kwenye oili kama za wenzake, kwa hiyo ikinguruma hapohapo iliposimama inalia kama vijiko vimetiwa kwenye sufuria halafu mtu anaitikisa. Ndivyo ilivyotengenezwa. Lakini nenda ukawaeleze watu wa Magarama. Kila nikipita mtu ananisimamisha kwa huruma, ananiambia kuna kitu kimekatika huko ndani.

Kiti kilikuwa kimoja. Jumapili mimi nilikwenda kanisani kwa Mtaliano, mke wangu na watoto kwa miguu, na bado walifika kabla yangu kwa sababu pikipiki iligoma kuwaka.

Usukani uko chini sana. Unaendesha umeinama, unatazama barabara kama mtu aliyedondosha sindano. Mgongo wangu haujarudi sawa mpaka leo.

Kuhusu matengenezo, naomba mniombee. Ile ina mikanda miwili ndani ya injini ambayo lazima ibadilishwe kila baada ya miaka miwili, hata kama pikipiki imelala tu. Mkanda mmoja uliagizwa ukaja wa mashine ya kusaga mahindi. Fundi wangu Egidius, mtu anayefungua pikipiki za abiria akiwa anakula, alimfungua Mtaliano, akamtazama, akamfunga. Kisha akaniuliza kama yule mzungu bado yuko nchini.

Na huo ni wakati ambao esansi, yaani petroli, imekuwa ya kutafuta kama dawa. Katika miaka miwili niliiendesha mara kumi na moja. Nazikumbuka zote.

Halafu Mzee Longino akatuma ujumbe. Amevuna, ana nafasi, anakuja Gitega baada ya wiki tatu kuona ng'ombe wake ameshazaa mara ngapi.

Usiku ule sikulala, ila lililoniumiza zaidi ni maneno ya Gaudensia asubuhi yake. Hakuwa na hasira. Alikuwa anakunja nguo za watoto.

"Baba akifika akakuta hakuna kitu, nitaondoka naye. Sikufukuzi wala sikuachi. Ila sitaweza kumtazama usoni nikiwa nimekaa kwenye nyumba hii."

Nampenda mke wangu. Niliapa palepale kwamba Mtaliano lazima arudi kuwa ng'ombe.

Nikaitangaza kwenye magrupu yote ya WhatsApp niliyomo, hadi la kwaya. Mmoja akauliza inabeba magunia mangapi. Mwingine akauliza inapandisha mikungu ya ndizi kwenye kilima. Wa tatu alikuja kuiona, nikaiwasha, akasikia vijiko kwenye sufuria, akaniaga kwa upole kama anayetoka kumwona mgonjwa.

Siku kumi zikiwa zimebaki, akanipigia simu mtu wa Muyinga anaitwa Husni. Kwao ni watu wa biashara pale mjini. Maswali yake yakanishangaza. Rangi ni nyekundu kweli au imefifia? Vioo vyote viwili vipo? Ukiiweka juani inang'aa? Kuhusu injini hakuuliza hata neno. Nikajisemea, huyu ni mtaalamu, hababaishwi na vitu vidogo.

Akasema ana ng'ombe jike mwenye mimba. Nikifika na pikipiki, nikamridhisha, tunabadilishana.

Nikaondoka Gitega alfajiri, nimeinama, nasali. Ilivuta vizuri ajabu. Nilipopita Karusi nilianza kuona uchungu kuiuza, mjinga ni mjinga.

Nje kidogo ya Muyinga taa ya tangi ikawaka. Pembeni kulikuwa na fundi ana kibanda, na chupa za esansi zimepangwa juu ya meza. Nikashukuru. Nilikuwa nimejaa vumbi, nikaomba maji ya kunawa nionekane mtu mbele ya mteja, na nikiwa nimeinamia beseni nikamwambia fundi, "Jaza mafuta."

"Mafuta?" akauliza.

"Ndiyo, jaza mpaka juu."

Jamani. Kule nilikokulia, mafuta ndiyo petroli. Hapa Burundi petroli ni esansi, na mafuta ni oili ya injini. Mtoto wa shule ya msingi analijua hilo. Mimi mwalimu wa Kiswahili, miaka yote hii niko hapa, nikiwa na haraka ulimi unarudi Ulyankulu bila kuniaga.

Fundi alinitajia bei kubwa. Nikadhani esansi imepanda tena, nikalipa, nikaondoka.

Mita mia mbili hivi mbele, moshi.

Si moshi wa kawaida. Ulikuwa mweupe mzito, unatoka nyuma, unatoka ubavuni, oili inaruka kwenye suruali yangu. Barabara nyuma yangu haikuonekana tena. Sikuthubutu kusimama, kwa sababu nilijua ikizimika haiwaki. Nikaingia mjini hivyo hivyo, wauza viazi wanakimbiza mafungu yao, mpaka mbele ya duka la Husni karibu na soko. Hapo esansi ikaisha na Mtaliano akazimika.

Ndipo akatoka Layla, mke wa Husni, na ile ndoo.

Nilisimama pale nimelowa, nanuka oili, watu wamenizunguka. Yule fundi naye alikuwa amenifuata mbio kuona nini kimetokea. Nilipomuuliza ameweka nini, alinishangaa.

"We umesema nijaze mafuta, mi nimejaza. Ungetaka esansi, si ungesema esansi?"

Nilimfikiria Gaudensia akikunja nguo. Machozi yakanijia, na kwa kuwa nilikuwa nimeshalowa, hakuna aliyejua.

Husni akatoka dukani taratibu. Akamzunguka Mtaliano, akafuta tangi kwa leso, akajitazama kwenye kioo. Kisha akaniuliza, "Inasimama?"

Nikaanza kumweleza habari za breki, kwamba za mbele ni mbili na ni mpya.

"Non, non," alisema. "Mi nauliza, ukiiweka hapa, inasimama yenyewe? Mutu akikaa juu haianguke?"

Nikashusha stendi. Ikasimama. Akapanda, akajitikisa, haikuanguka.

"Bon. Iko sawa."

Nikamwambia ukweli kwamba injini imejaa oili na sijui kama itawaka tena. Akanitazama kama asiyenielewa, akakinyooshea kidole kibao cha duka lake. Kumbe lilikuwa duka la kupiga picha. Ndani kulikuwa na mapazia yamechorwa maporomoko ya maji na magorofa, na mbele yake nafasi tupu inayosubiri kitu chekundu.

Miaka miwili nimeuza akiba, mgongo na usingizi ili Mtaliano atembee. Mtu aliyemtaka alimtaka akae.

Nikarudi Gitega kwenye lori, mimi na ng'ombe, yeye amesimama vizuri kuliko mimi.

Mzee Longino akaja Jumamosi. Nikampeleka kwa mfugaji. Alimzunguka ng'ombe mara mbili, akamshika pembe, akamtazama usoni, mahali ambapo palipaswa kuwa na baka jeupe. Nilikuwa nimeandaa uongo kuhusu jua la Gitega. Namshukuru Mungu haukutoka.

Tukarudi nyumbani. Alipokea pombe yake ya ndizi, akanywa, akatoa bahasha kwenye koti.

Ndani yake kulikuwa na picha. Mzee Longino, kofia kichwani, amekaa juu ya Mtaliano, mikono miwili kwenye usukani, maporomoko nyuma yake.

"Wiki jana nilikuwa soko ya Muyinga," alisema. "Nikaona watu wamepanga mustari. Nikauliza hii kitu imetoka wapi. Wakaniambia mwalimu mumoja wa Gitega ameibadilisha na ng'ombe. Bon, nikalipa, nikakaa. Nimepiga picha na ng'ombe yangu."

Gaudensia alijifunika uso kwa kitenge. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka mpaka akakaa chini sakafuni.

Mzee hakucheka. Alingoja binti yake aingie jikoni, kisha akaniegemea.

"Ng'ombe inapatikana, mukwe. Lakini mutoto wangu amekuja kwangu mara ine, amekaa na mimi, amenificha. Zamani hakukuwa kitu anaweza kunificha. Hiyo ndiyo umeuza."

Niliomba msamaha kwa magoti. Alinisamehe, akamaliza pombe yake. Picha iko ukutani sebuleni, na kila mgeni anaulizia.

Basi somo ni hilo. Ukitaka kuuza kitu cha nyumbani, angalia kwanza ni nini kingine kinaondoka nacho, maana hicho cha pili hakuna atakayekutajia bei yake. Na ukipenda kitu kwa sababu kinang'aa, anza kwa kukipiga picha. Huenda ikatosha.

Mimi mwenyewe mwezi uliopita nilipita Muyinga, nikapanga mstari, nikalipa bei ya watu wote. Nilipokaa, mkono ukaenda wenyewe kwenye klachi. Layla akaniambia niuondoe, wateja hawaruhusiwi kugusa.