Siku Niliyobadilisha Brekipedi

Brekipedi nilizibadilisha mwenyewe, uani kwangu Buhongwa, Jumamosi moja mvua ilipokatika kidogo. Mimi si fundi. Ni mtu wa ofisini mwenye spana, na ubishi wangu wa kutopeleka pikipiki kwa wenye kazi yao ulikuwa kichekesho cha nyumba nzima. Pedi za zamani za gurudumu la mbele zilikuwa zimelika hadi chuma, zinakwangua disiki kwa sauti ya kuudhi.

Kazi yenyewe ni ndogo. Unafungua boliti mbili, unatoa zilizolika, halafu unaisukuma ndani pistoni inayozibana pedi, ili hizo mpya, ambazo ni nene, zipate nafasi. Ukishafunga, kabla pikipiki haijaondoka, unaminya mkono wa breki mara tatu nne mpaka uwe mgumu. Usipofanya hivyo, ukishika breki mara ya kwanza hupati kitu. Nilikuwa nalijua hilo vizuri kabisa.

Nilikaza boliti ya mwisho, mke wangu akaita chakula, nikaenda kunawa. Kaka yangu mkubwa alikuwa amekuja kututembelea kutoka Bujora, na nilimwahidi kwamba atarudi na pikipiki yangu. Alitaka kuwahi ng'ombe wake kabla mvua haijaanza tena. Akapaza sauti kutoka uani:

"Mdogo wangu, tayari?"

"Tayari!" nikajibu, mikono imejaa povu.

Njia ya kwetu inateremka vibaya kati ya mawe mpaka kwenye lami. Breki ya nyuma ilikuwa ya jina tu. Nilipanga kuishughulikia wiki iliyofuata. Nilisikia mlio wa injini ukiteremka, kisha kishindo, kisha watu wakipiga kelele.

Tulimkuta kwenye jiwe la kona, mguu wa kulia umevunjika juu ya goti. Majirani wakampakia kwenye bajaji, mke wangu akaenda naye hospitali. Mimi nilibaki kuinyanyua pikipiki. Nikaminya breki. Mkono ukaja mpaka mwisho, laini. Nikaminya tena, na tena, ukawa mgumu. Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba nilikuwa naikagua tu. Uongo. Jirani mmoja akaja, akaijaribu, akatikisa kichwa.

"Mbona breki kali hii? Mzee alikuwa mbio tu."

Nikaisukuma pikipiki kurudi uani.

Mguu uliungwa kwa vyuma, lakini haukurudi kuwa mguu. Mtu aliyezoea kushinda machungani sasa anashinda kwenye kiti mlangoni. Nimekwenda Bujora mara nyingi ili nimwambie. Napanga maneno njia nzima, nikipita Kisesa bado ninayo, nikifika nasema shikamoo, nauliza hali, nakunywa uji, naondoka. Ninajichukia. Nalisema hivyo hivyo lilivyo, maana hata kulia nimeshindwa.

Mara ya mwisho aliwaita mke wake na watoto, wakakaa wote. Akasema kuna jambo linamkera moyoni tangu siku ile: alikwenda mbio kwa haraka zake, akaharibu mali ya mdogo wake, na hajawahi kuomba radhi mbele ya watu.

"Nisamehe, mdogo wangu," akasema, akaninyooshea mkono.

Wote walikuwa wananitazama. Nikaushika, nikamwambia nimemsamehe.